Mifupa dhaifu: kalsiamu, vipimo na dawa zinazowachanganya watu

Daktari akishamwambia mtu kwamba mifupa yake imekuwa dhaifu, ushauri humjia kutoka kila upande. Mmoja atasema ni upungufu wa kalsiamu, anywe maziwa. Mwingine atasema mifupa imesagika, apunguze kutembea. Wa tatu atamwonya asiguse dawa za mifupa kwa sababu zinaozesha taya. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli na kukiweka mahali pasipo pake, na mgonjwa anayewasikiliza wote anaweza kuishia bila kutibiwa tatizo alilo nalo hasa.

Tuanze kwa kutenganisha magonjwa matatu ambayo watu huyataja kama ugonjwa mmoja.

Kinachosagika ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo kama goti au nyonga. Gegedu ikilika, kiungo huuma, hukakamaa na wakati mwingine huvimba. Huu ni ugonjwa wa viungo, na mifupa yenyewe inaweza kuwa imara kabisa. Osteoporosisi ni jambo jingine: mfupa umepungua wingi, kuta zake za ndani zimekuwa nyembamba na nyingine zimekatika. Mfupa uliobaki una madini yake ya kawaida, ila ni mchache mno kuhimili anguko dogo. Osteoporosisi haiumi mpaka kitu kivunjike. Ugonjwa wa tatu ni mifupa kuwa laini kwa kukosa madini. Mfupa upo wa kutosha lakini haujakaza. Kwa watoto huitwa rikets na huweza kupindisha miguu. Kwa watu wazima huitwa osteomalasia, na huleta maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli ya mapaja, mtu akawa hawezi kuinuka kitini bila kushika kitu.

Tiba za magonjwa haya hazibadilishani. Osteomalasia inayotokana na upungufu wa vitamini D hupona kwa vitamini D na kalsiamu. Osteoporosisi haiponi hivyo. Gegedu iliyolika haisaidiwi na yoyote kati ya hizo. Na mwenye osteomalasia akichomwa sindano kali ya osteoporosisi kabla ya kurekebishiwa vitamini D, kalsiamu katika damu yake inaweza kushuka ghafla kwa kiwango cha hatari.

Mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku

Mfupa ni tishu hai, yenye mishipa ya damu, neva na seli zake. Kwa uzito, takribani theluthi mbili ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti zilizoungana kuwa fuwele ndogo mno. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni, protini yenye nyuzi ndefu, pamoja na maji. Madini huupa mfupa ugumu, kolajeni huuwezesha kupinda kidogo bila kukatika. Mtoto aliyezaliwa na kasoro kali kwenye jeni za kolajeni anaweza kuvunjika mfupa kwa kubadilishwa nepi tu, hata kama kalsiamu yake haina dosari yoyote.

Kila mwaka takribani asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya. Fikiria barabara ya lami yenye vikosi viwili vya matengenezo: kimoja hukwangua sehemu iliyochakaa, kingine hufuata nyuma kikimwaga lami mpya. Barabara hubaki nzima mradi kila shimo linajazwa. Kikosi cha kwanza kikichimba mashimo kumi na cha pili kikajaza tisa, mwezi huu hakuna atakayeona tofauti. Baada ya miaka mingi, barabara haipitiki.

Kikosi cha kubomoa ni seli ziitwazo osteoklasti. Hutoka kwenye uboho, katika ukoo mmoja na seli nyeupe za damu zinazomeza vijidudu, na seli kadhaa huungana kuwa moja kubwa yenye viini vingi. Osteoklasti hujibandika juu ya mfupa na kuziba kingo zake pande zote ili kinachotokea chini yake kisivuje. Ndani ya nafasi hiyo humwaga asidi inayoyeyusha madini, kisha kimeng'enya kiitwacho katepsini K hukatakata kolajeni iliyobaki wazi. Kazi hiyo huchukua wiki mbili hadi tatu hivi mahali pamoja. Halafu wajenzi, osteoblasti, huingia kwenye shimo, hutandaza kolajeni mpya isiyo na madini, na madini hujipanga ndani yake polepole. Kulijaza shimo lilelile huchukua miezi mitatu hadi minne. Ubomoaji una kasi kuliko ujenzi, kwa hiyo chochote kinachoongeza idadi ya mashimo yanayofunguliwa kwa wakati mmoja hudhoofisha mfupa, hata kama wajenzi hawana kosa.

Seli za tatu, osteosaiti, ni zaidi ya tisa katika kila seli kumi za mfupa. Ni wajenzi wa zamani waliozikwa ndani ya mfupa walioujenga wenyewe. Humo hunyoosha matawi membamba kupitia vijifereji, hushikana na jirani zao, na huhisi jinsi uzito unavyoukandamiza mfupa. Sehemu inayobeba mzigo hupata ujenzi, isiyotumika hubomolewa. Wanaanga wanaokaa miezi angani bila uzito hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Ndiyo maana kumwambia mwenye osteoporosisi apumzishe mifupa ni ushauri mbaya. Kutembea kwa kasi, kupanda ngazi na kunyanyua uzito kwa mpangilio huipa mifupa ishara ya kujengwa. Kuogelea kunaufaa moyo na viungo, lakini maji hubeba mwili na mfupa haupati mzigo wa maana. Aliyekwisha kuvunjika pingili ya uti wa mgongo ana sharti moja la ziada: asiinue kitu kwa kukunja mgongo mbele. Akunje magoti na nyonga, mgongo ubaki umenyooka.

Nani huwaita wabomoaji

Hadi kufikia miaka 30 hivi mtu huwa ameshajenga akiba yake kubwa ya mfupa. Baada ya hapo mizani huanza kuegemea ubomoaji, taratibu kwa wote na kwa kasi kwa wanawake ukomo wa hedhi ukifika. Mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo.

Sababu ilieleweka vizuri mwaka 1997 na 1998, maabara kadhaa zilipogundua protini mbili zinazopingana. Ya kwanza, RANKL, hutolewa na osteosaiti na seli za ukoo wa wajenzi, na ndiyo inayowaita wabomoaji, kuwakomaza na kuwaweka hai. Ya pili, OPG, huidaka RANKL kabla haijawafikia. Homoni ya estrojeni huweka uwiano wa hizi mbili mahali pazuri. Ikipungua, wito unakuwa mkubwa kuliko kizuizi. Wanaume nao hupata osteoporosisi, na akivunjika nyonga mwanaume huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mwanamke wa umri uleule. Bado husahaulika kupimwa.

Kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi inavyostahili: dawa za steroidi kama prednisoloni. Hizi huua wajenzi na osteosaiti, na hasara huwa kubwa zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Yeyote anayetarajiwa kutumia miligramu 2.5 au zaidi za prednisoloni kwa siku kwa muda wa miezi mitatu na kuendelea anastahili kutathminiwa mifupa mapema, kabla ya kuvunjika. Asiziache ghafla kwa hofu, kwa sababu kukatiza steroidi zilizotumika muda mrefu kunaweza kumletea madhara makubwa.

Kalsiamu: inachoweza na isichoweza

Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Ile asilimia 1 iliyobaki ndiyo inayoendesha mapigo ya moyo, misuli na neva, na mwili hauruhusu kiwango chake katika damu kiyumbe. Kikishuka kidogo, tezi za paradundumio zilizoko shingoni hutoa homoni inayotoa kalsiamu kwenye mifupa na kuirudisha kwenye damu. Kwa hiyo kipimo cha damu kinachoonyesha kalsiamu ya kawaida hakisemi chochote kuhusu uimara wa mifupa. Kinaweza kuwa kizuri kwa sababu mifupa ndiyo inayolipa.

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na 1,200 kwa wanawake waliovuka miaka 50 na wanaume waliovuka 70, hesabu ikijumlisha chakula. Vitamini D inayopendekezwa ni yuniti 600 hadi 800. Anayepata kiasi hicho kwenye chakula hana faida ya kuongeza vidonge. Kuzidisha vidonge huongeza uwezekano wa mawe ya figo. Matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia karibu watu 26,000 wa umri wa makamo na wazee kwa miaka mitano hivi, yalionyesha kwamba yuniti 2,000 za vitamini D kila siku hazikupunguza mivunjiko kwa watu ambao hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu. Mwenye upungufu wa kweli ni suala jingine, huyo lazima atibiwe.

Kalsiamu ni malighafi. Tatizo la osteoporosisi liko kwa seli zinazobomoa na kujenga mfupa, na kuzimwagia malighafi zaidi hakubadilishi idadi ya mashimo yanayochimbwa.

Kipimo cha DEXA na namba zake

DEXA ni eksirei ya mionzi michache sana inayopima wingi wa madini kwenye nyonga na pingili za kiuno. Jibu huja kama alama ya T, yaani umbali wa mfupa wako kutoka wastani wa kijana mwenye afya. Kwa kigezo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, na -2.5 kwenda chini ni osteoporosisi. Kijana, au mwanamke ambaye bado anapata hedhi, hasomwi kwa alama hiyo. Huyo hulinganishwa na watu wa umri wake.

Kipimo hiki hudanganya kwa njia zinazojulikana. Mzee mwenye pingili zilizoota miiba kwa ugonjwa wa viungo huonekana ana mfupa mwingi kiunoni, kwa sababu mashine huhesabu miiba hiyo kama mfupa, na pingili iliyoporomoka nayo husomeka kama imara. Hapo nyonga ndiyo ya kuaminiwa. Ukirudia kipimo, tumia mashine ileile, kwani mashine mbili tofauti zinaweza kutoa tofauti ambayo mwilini haipo. Vifaa vidogo vya kupima kisigino havitoshi kuthibitisha ugonjwa wala kufuatilia tiba.

Na alama ya T si hukumu ya mwisho. Watu wengi wanaovunjika mfupa kwa anguko dogo wana alama iliyo juu ya -2.5. Mtu wa miaka 50 na zaidi aliyevunjika nyonga au pingili kwa kuanguka akiwa amesimama tu ana osteoporosisi kwa vitendo, namba iseme nini. Hatari ya kuvunjika tena huwa kubwa zaidi katika mwaka mmoja hadi miwili inayofuata, wakati ambao mara nyingi mgonjwa hufungwa plasta au kuwekewa chuma, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa ulikatika. Mivunjiko mingi ya pingili haigunduliki kabisa, hudhaniwa ni uzee wa mgongo. Mtu aliyepungua urefu kwa sentimita 4 hivi akilinganishwa na ujana wake apigwe picha ya uti wa mgongo.

Dawa: uliza inamgusa nani

Hapa ndipo mkanganyiko unapofanya madhara makubwa zaidi, kwa kuwa watu huzungumzia "dawa za mifupa" kana kwamba ni kitu kimoja. Swali la kwanza kwa dawa yoyote ni kama inazuia wabomoaji au inachochea wajenzi. La pili ni nini hutokea ukiiacha.

Bisfosfoneti ndizo zinazotumika zaidi. Hushikamana na madini ya mfupa, na osteoklasti inapokuja kuyeyusha mfupa huo humeza dawa na kulemazwa. Alendroneti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, humezwa miligramu 70 mara moja kwa wiki, na namna ya kuimeza ni nusu ya tiba. Asubuhi kabla ya kula chochote, kunywa kidonge kwa glasi nzima ya maji matupu. Chai, maziwa na kidonge cha kalsiamu huifunga dawa isifyonzwe, na hata kwa maji matupu inayofyonzwa haifiki asilimia 1. Kisha kaa wima au simama angalau nusu saa bila kula wala kulala. Ukilala, kidonge kinaweza kurudi na kuunguza umio, na hapo ndipo malalamiko mengi ya kifua kuwaka hutokea. Mwenye matatizo ya umio, au asiyeweza kukaa wima, hupewa asidi ya zoledroniki, dripu ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka isiyopita kwa chini ya dakika 15. Dozi ya kwanza huweza kuleta homa na maumivu ya mwili kwa siku mbili tatu. Ni jambo linalotarajiwa na hutulizwa kwa parasetamoli. Figo zilizochoka sana hazipewi dawa hizi.

Vipi kuhusu taya? Kufa kwa mfupa wa taya hutokea kweli, lakini ni nadra kwa dozi za osteoporosisi. Sifa yake mbaya imetokana zaidi na wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa na za mara kwa mara. Cha kufanya ni kung'oa meno mabovu na kutibu fizi kabla ya kuanza dawa. Tatizo jingine nadra ni paja kuvunjika katikati baada ya miaka mingi ya matumizi, na mara nyingi hutanguliwa na maumivu ya paja au kinena kwa wiki au miezi. Mtumiaji wa muda mrefu mwenye maumivu hayo apigwe eksirei ya mapaja yote mawili, hata kama linauma moja. Kwa sababu bisfosfoneti hubaki ndani ya mfupa kwa miaka, mtu asiye katika hatari kubwa anaweza kupumzishwa baada ya miaka 5 ya vidonge au 3 ya dripu, na kinga ikaendelea kwa muda.

Denosumabu ni kinyume kabisa katika hilo. Ni kingamwili inayodaka RANKL, yaani inafanya kazi ya OPG. Huchomwa chini ya ngozi, miligramu 60 kila baada ya miezi 6, tangu ilipoidhinishwa mwaka 2010. Haishikamani na mfupa. Ikiisha mwilini, wito wote uliokuwa umezuiwa huwafikia wabomoaji kwa pamoja. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Garvan mjini Sydney walionyesha kwa panya kwamba osteoklasti hazifi zote kazi ikiisha. Baadhi hupasuka kuwa seli ndogo zinazosubiri na kuweza kuungana tena, na zikinyimwa RANKL hurundikana. Hilo linasaidia kueleza kinachoonekana kwa wagonjwa walioacha sindano: mfupa ulioongezeka kwa miaka huondoka ndani ya miezi, na baadhi huvunjika pingili kadhaa kwa mkupuo. Sindano ikichelewa zaidi ya mwezi mmoja baada ya siku yake, hatari hiyo imeshaanza. Kwa hiyo aliyeanza denosumabu asiambiwe kamwe kwamba anaweza "kupumzika". Akitaka kuacha, aingizwe kwenye bisfosfoneti kwa mpango wa daktari. Na kama hana uhakika wa kuipata kila miezi 6, afadhali asiianze.

Kundi la pili huchochea wajenzi. Teriparataidi, ya mwaka 2002, ni kipande cha homoni ileile ya paradundumio inayotoa kalsiamu mifupani. Homoni hiyo ikiwa juu mfululizo hula mfupa. Ikija kwa mkupuo mfupi mara moja kwa siku, mikrogramu 20, huamsha wajenzi kabla wabomoaji hawajaitikia. Romosozumabu, ya mwaka 2019, ilizaliwa kutokana na ugonjwa nadra sana uliochunguzwa kwa ukaribu katika familia za Makaburu wa Afrika Kusini, watu ambao mifupa yao hukua minene kupita kiasi na karibu haivunjiki. Mwaka 2001 jeni yao iliyoharibika ilitambuliwa: ikiwa nzima hutengeneza sklerostini, protini ambayo osteosaiti hutumia kuwasimamisha wajenzi. Dawa huidaka protini hiyo. Huchomwa kila mwezi kwa miezi 12 tu, na haipewi mtu aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita. Dawa zote mbili zikimaliza muda wake lazima zifuatwe na dawa ya kuzuia wabomoaji, la sivyo mfupa uliopatikana hupotea. Mfuatano wenyewe una maana: kwa mtu mwenye mifupa dhaifu sana, kujenga kwanza na kulinda baadaye huleta faida kubwa kuliko kinyume chake.

Miguu ya mtoto isiyonyooka

Nimalizie na watoto, kwa kuwa hapa pia kalsiamu na vitamini D hutolewa bila swali. Watoto wengi wana matege ya kawaida hadi karibu miaka miwili, na miguu hunyooka yenyewe. Matege yanayozidi baada ya hapo, mguu mmoja kupinda kuliko mwingine, au vifundo vya mikono kuvimba, hivyo vinahitaji eksirei na vipimo vya damu. Rikets nyingi hutokana na upungufu wa vitamini D au wa kalsiamu yenyewe, na hupona vizuri zikitibiwa mapema.

Ila kuna mtoto anayepewa vitamini D mwaka baada ya mwaka na mifupa haikazi. Huyu huenda ana aina ya kurithi ambamo homoni inayotengenezwa na mifupa yenyewe, FGF23, imezidi na inaziamuru figo zimwage fosfeti kwenye mkojo. Vitamini D ya kawaida haiwezi kulifunga bomba hilo. Tangu mwaka 2018 kuna kingamwili, burosumabu, inayoidaka homoni hiyo. Pale isipopatikana, bado hutumika fosfeti ya kunywa mara kadhaa kwa siku pamoja na vitamini D iliyokwisha kuamilishwa, huku figo zikifuatiliwa. Njia ya kumgundua ni rahisi: pima fosfeti ya damu na ilinganishwe na kiwango cha watoto wa umri wake, kwa sababu cha watoto kiko juu kuliko cha watu wazima, na jibu linaloonekana la kawaida kwenye karatasi ya maabara yenye viwango vya watu wazima linaweza kuwa la chini sana kwa mtoto wa miaka mitatu.